Gesi ya AC haiishi, inavuja

Mhariri,

Nakuomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nasoma humo malalamiko ya wenzangu kuhusu feri ya Likoni, takataka za Kongowea na foleni ya Buxton, na yote ni kweli tupu. Langu ni dogo kuliko hayo, lakini kila kaskazi inapoanza kuvuma linawatoa watu pesa mfukoni: gari linatiwa gesi ya AC leo, linapoa wiki tano au sita, kisha linarudi kuwa tanuri, na mwenyewe analirudisha kwa fundi yuleyule kutiwa gesi ileile.

Mimi ni fundi mstaafu wa makontena ya baridi, yale tuliyokuwa tukiyaita rifa, pale bandari ya Kilindini. Umri wangu mwingi umekwisha juu ya ngazi, nyuma ya kontena la samaki au la maparachichi, geji mkononi na jasho mgongoni. Kwa hiyo mtu wa mwisho kudanganywa kwa habari ya gesi ya baridi ningepaswa kuwa mimi. Lakini mganga hajigangi. Nimedanganywa, tena mara tatu, na gari langu mwenyewe.

Gari lenyewe ni Toyota Corona ya mwaka 1990, nililolinunua 1998 likiwa limekwisha tumika kwao Japani. Wanangu wanalicheka. Wacheke, injini haijafunguliwa na bodi haijaoza, ingawa tunaishi Tudor ambako chumvi ya bahari inakula hata misumari ya mabati. Chini ya boneti lina kibandiko ambacho mpaka leo kinasomeka: gesi R12, gramu 700. Naomba msomaji akishike hicho kibandiko, nitakirudia.

Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, nikakatazwa kuendesha. Gari likawa mikononi mwa mkwe wangu, kijana mwema asiye na makuu, anayeamini kila anachoambiwa na mtu aliyevaa ovaroli. Mwezi wa Novemba akaja kuniambia, “Baba, AC imeacha kupoza. Jamaa wa gereji wanasema gesi imeisha, nimewaacha watie.” Shilingi 3,500. Nami kitandani, plasta jichoni, nikasema sawa. Januari ikaisha tena, 3,500 nyingine. Machi ikaisha mara ya tatu, na safari hii mkwe akarudi na furaha: kuna gesi nyingine ya bei nafuu, 1,500 tu, na inapoza kushinda ile ya kwanza. Sikuuliza ni gesi gani. Kosa langu hilo, sitamtwika mtu.

Kabla sijaendelea, hebu tulielewe hili neno “imeisha”. Petroli inaisha kwa sababu inachomwa. Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala hailiwi na kitu. Inazunguka tu. Wazee wetu walikuwa na mtungi wa udongo pembeni mwa mlango. Mtungi unatoa jasho, jasho linakauka kwa upepo, na likikauka linaondoka na joto, ndiyo maana maji ya ndani yakawa baridi. Kiyoyozi ni mtungi uleule, ila jasho lake halipotei. Gesi ikiwa majimaji inapenyezwa kwenye tundu jembamba, inachemka ndani ya vibomba vilivyo nyuma ya dashibodi, na kule kuchemka kunafyonza joto la chumba. Kompresa inaivuta, inaishindilia, inaipeleka mbele kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, na hapo upepo wa nje unaipokonya lile joto, inarudi kuwa majimaji, safari inaanza upya. Gesi iliyotoka kiwandani na gari ndiyo inayotakiwa kuzunguka miaka na miaka. Kidogo sana hupenya kwenye mipira ya paipu, sawa, gari ni kitu kinachotikisika. Lakini gesi inayokwisha kwa wiki sita imetoka mahali, na mahali hapo pana jina na pana namba ya spana. Anayekutilia gesi bila kupatafuta amekuuzia tundu lako mwenyewe, na atakuuzia tena.

Sasa nirudi Machi. Alasiri moja tulikuwa kwenye foleni ya Saba Saba, mkwe kwenye usukani, mimi kando yake, mke wangu nyuma. Vioo vimefungwa, AC inapuliza vizuri kwelikweli. Mke wangu akasema, “Nyinyi, kuna mtu ameacha jiko wazi humu garini?” Nikavuta pumzi. Ni ile harufu ya kitunguu kilichooza, ile wanayoitia makusudi kwenye gesi ya kupikia ili ikivuja ujue. Mkwe wangu ni mvutaji, na kiberiti cha gesi kilikuwa kimekaa pale kwenye kitundu kando ya gia.

Nilimwambia azime injini, asiguse swichi nyingine yoyote, tukafungua milango yote minne katikati ya barabara, matatu nyuma yetu wakipiga honi na makanga wakitutukana matusi ya kila kabila.

Niseme haki. Gesi ya kupikia inapoza kweli, hakuna uongo hapo. Propani na isobyuteni ni gesi za baridi zinazoheshimika. Friji nyingi mpya za nyumbani hutumia isobyuteni. Lakini friji ina makumi ya gramu tu, imefungwa kwa kuchomelewa, na haigongwi na pikipiki. Gari lina mipira, viungo vya kufungwa kwa nati, na kondensa iliyo mbele kabisa, ya kwanza kupokea ajali. Gesi hiyo ikifika karibu sehemu mbili katika mia ya hewa ya chumbani, cheche moja inatosha. Chumba cha gari dogo hakina hewa nyingi. Gramu 300 zikimwagika zote ndani, kiwango hicho kimepitwa. Na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inalala miguuni, pale pale penye nyaya za redio.

Jicho lilipopona nikalifungua gari mwenyewe. Nililisukuma hadi kwenye uwanja mtupu, betri nje, watoto mbali, nikaiachia gesi itoke taratibu. Sina la kujivunia hapo, maana ndani yake huenda kulikuwa na mabaki ya R12, na hiyo si ya kuachiwa. Ila mchanganyiko wa gesi tatu zisizojulikana hauingii kwenye mtungi wa mtu yeyote. Aliyeuchanganya ndiye aliyenifunga mikono.

Hii R12 ina historia. Ilizuliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na ilipokuja watu waliishangilia, kwa kuwa haiwaki, hainuki, haina sumu ya kutisha. Mwaka 1974 wanakemia wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, wakaandika kwamba gesi za jamii hiyo zinapanda juu bila kuharibika, na huko jua linazivunja, na klorini inayotoka inakula ozoni, lile tandiko la juu linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima huko Antaktika wakatangaza kwamba ozoni ya juu yao imepungua vibaya. Tarehe 16 Septemba 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal wa kudhibiti gesi hizo. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza R12 ilipofika 1996, na nchi kama yetu zikapewa hadi 2010. Sekretarieti ya ozoni ya mkataba huo iko hapa hapa Kenya, Nairobi. Na Kenya ilitunga kanuni zake mwaka 2007 za kusimamia kemikali hizo, chini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Bandarini tuliona mabadiliko hayo kwa macho: mitungi myeupe ya R12 ilipungua mwezi baada ya mwezi, ikaingia ya samawati ya R134a, gesi iliyoshika nafasi yake, na sisi tukatakiwa kujifunza kazi upya, wengine tukiwa na mvi tayari.

Kwa hiyo mwenye gari la kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 hana budi kubadilisha. Hilo si kosa la gereji. Kosa ni kudhani kwamba kubadilisha ni kufungua mtungi wa samawati na kumimina.

R12 ilitembea na oili ya madini. Oili ni damu ya kompresa, na kinachoizungusha mle ndani ni gesi yenyewe. Gesi inaiyeyusha na kuibeba. R134a haichanganyiki na oili hiyo. Ukiimimina juu yake, oili inatuama chini ya kondensa na kwenye vibomba vya dashibodi, na kompresa inazunguka kavu. Itapoza wiki, itapoza mwezi, kisha utasikia mlio kama wa kinu kinachosaga mawe, na hapo utanunua kompresa. Gari langu liliponea kwa sababu ile Nippondenso ni kompresa ya watu wenye subira.

Niliifungua, nikaipindua juu ya kikombe cha kupimia. Ikatoka oili nyeusi kama kahawa ya mwisho wa dele. Nikaizungusha kwa mkono, nikapindua tena, mpaka ikaacha kudondoka. Mapaipu nikayasafisha kwa dawa na kuyapuliza kwa naitrojeni kavu. Si kwa kompresa ya upepo ya kujazia magurudumu, ndugu zangu! Upepo wa Mombasa ni maji yaliyovaa nguo. Kisha nikatia oili ya esta, ambayo inavumilia mabaki ya ile ya zamani. Kuna nyingine iitwayo PAG, nzuri kwa magari yaliyozaliwa na R134a, lakini haipatani na mabaki hayo, na inanywa unyevu kwa pupa: ukiliacha kopo lake wazi usiku mmoja hapa mjini, asubuhi litupe.

Vipira vya viungo vyote nilivitoa, vile vyeusi vya zamani vilivyokauka kama ngozi ya ngoma, nikaweka vya kijani. Na hapo ndipo nikalikuta tundu langu. Kiungo cha paipu kinachoingia kwenye kondensa, upande wa kushoto chini, kilikuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi, ukubwa wa senti kumi ya zamani. Gesi inapovuja hutoka na oili, na oili hushika vumbi. Huhitaji mashine ya dola kuliona. Unahitaji tochi na magoti ya kuinama. Nilikuwa nimepitisha naitrojeni kabla sijafungua, nikapaka povu la sabuni, likachemka pale taratibu, kiputo kimoja baada ya kingine. Kipira cha shilingi hamsini. Mkwe wangu alikuwa amelipia 8,500.

Draya ni kadhia nyingine. Ni kile kikopo kinachokaa njiani mwa gesi, ndani mna chembechembe za kunyonya unyevu. Chembechembe za enzi ya R12 hazifai kwa R134a, na hata zingefaa, mfumo ukifunguliwa draya hubadilishwa. Nilizunguka maduka mawili ya spea, na kote nikaletewa draya ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililokatwa, midomo wazi, bila hata kizibo. “Mzee, hii ni ya Japani kabisa,” kijana akaniapia. Nikamwambia, mwanangu, Japani ilipotoka ilikuwa kavu, na hapa imekaa miezi ikinywa hewa ya Mombasa. Hii ni sawa na kuniuzia taulo lililolowa. Alicheka, hakuelewa, au alielewa akaona biashara ni biashara. Mpya nikaipata duka la tatu, Sh 2,800.

Sasa vakyumu, na hapa nitatua kidogo, maana ndipo magereji yanapoiba dakika. Mfumo ukishafungwa lazima uvutwe kwa pampu mpaka ndani pasiwe na hewa, kwa sababu mbili. Hewa haigeuki majimaji kwenye kondensa, inakaa tu ikizidisha presha. Na maji, hata matone matatu, yakikutana na gesi na oili yanazaa asidi, au yanaganda kwenye lile tundu jembamba na kuziba. Vijana wengi wanadhani pampu inayanyonya maji kama mrija wa soda. Sivyo. Pampu inashusha presha mpaka maji yachemke yenyewe. Wajukuu wangu walinibishia, nikatia maji ya bomba kwenye chupa nene ya kioo, nikaifunga kwa kizibo chenye paipu, nikawasha pampu. Dakika chache, maji yanaruka kama sufuria ya uji, na chupa ukiishika ni baridi. Yule mdogo aliigusa kwa kidole akakitoa haraka, kisha akakirudisha taratibu, hakuamini. Katika joto la nyuzi 30 maji yanachemka presha ikishuka hadi kama asilimia nne ya ile tunayoishi ndani yake. Kufika hapo na kutulia hapo kunataka muda. Mimi nilivuta saa nzima, nikafunga vali, nikaenda kuswali, nikarudi kutazama sindano ya geji. Haikusogea. Kule mkwe wangu alikolipeleka gari pampu haikuwepo kabisa. Walitia gesi juu ya hewa, “mpaka paipu itoe jasho”. Ndiyo mizani yao: jasho la paipu. Hapa mjini mwezi wa tatu hata chupa ya soda inatoa jasho.

Mizani ya kweli ni ya kupima gramu, chini ya mtungi. Na hapa ndipo kile kibandiko kinaporudi. Ukihama kutoka R12 hutii gramu zilezile. Asilimia 80 hadi 90 inatosha. Mimi nilitia 580 badala ya 700. Nilitia kidogo kwa makusudi, kwa sababu ya mji wetu. Hizi gesi mbili katika joto la kawaida presha zao zinakaribiana sana. Lakini kondensa ikifika nyuzi 60, kama inavyofika ukisimama jua la saa nane Makupa, R134a inaipita R12 kwa karibu sehemu moja katika kumi. Maana yake gari lililobadilishwa linapoza vizuri likitembea, na linalemewa kwenye foleni, yaani pale pale unapolihitaji. Fundi wa Nairobi anaweza asilione hilo mwaka mzima, kwao kuna baridi ya bure. Hapa utaliona siku ya kwanza. Niliongeza feni ya umeme mbele ya kondensa, nikaichana ile takataka iliyojaa kati ya mapezi: mchanga, mbawa za kumbikumbi, na chumvi iliyoganda kama ukoko. Wenye uwezo wabadilishe kondensa kabisa, watie ya kisasa yenye njia nyingi nyembamba. Mimi pensheni yangu ilinong’ona kwamba feni inatosha.

Matokeo: likitembea Nyali, hewa inatoka nyuzi 8. Nikisimama foleni inapanda hadi 14. Kwa Corona ya 1990 naona ni heshima. Gharama yote, pamoja na feni ya mtumba na gesi, ilikuwa Sh 16,400, ila kazi ilikuwa ya mikono yangu, na pampu na mizani niliazima kwa rafiki wa zamani.

Kulikuwa na dogo moja limebaki, na mke wangu ndiye aliyekuwa akilisema miaka miwili bila kusikilizwa: kila tukitoka safari ndefu, upindo wa buibui lake unalowa na zulia linanuka kama kabati la kuku. Kiyoyozi cha Mombasa kina kazi mbili, kupoza hewa na kuikamua maji, na ya pili ni kubwa kuliko mnavyodhani. Maji hayo yanatakiwa yatoke kwa mpira mdogo chini ya gari. Nilipotoa boksi la vibomba nyuma ya dashibodi nikakuta mpira umezibwa na majani ya mwarobaini, yameshikana kama keki, na juu yake kiota cha mende. Kuuzibua ni waya na dakika mbili.

Haya nayaandika si kwa kutaka kuwafunga vijana wa gereji. Wengi wao hodari, na wengine nimewaona wakitengeneza kwa nyundo na akili mambo ambayo viwandani yanataka roboti. Lakini hakuna aliyewafundisha kazi hii, na wenye mali hawawaulizi. Tena kuna hatari inayozidi ya harufu ya jikoni. Sisi watu wa rifa hatusahau mwaka 2011, makontena yalipolipuka katika bandari za nchi za mbali na watu watatu wakafa. Ilionekana yalikuwa yametiwa gesi bandia iliyoandikwa R134a, ndani ina methili kloridi, ambayo ikikutana na aluminiamu inazaa kitu kinachowaka kikigusa hewa tu. Kondensa ya gari ni aluminiamu. Kwa hiyo mtungi usio na lebo, au wa bei ya kutupa, unaoletwa na mtu asiyejua umetoka wapi, mimi siukaribii, na nisingependa uukaribie wewe.

Ninaloomba ni machache. Serikali ya kaunti inapotoa leseni ya gereji inayojitangaza kwa AC, imwulize mwenyewe: pampu ya vakyumu iko wapi? Mizani iko wapi? Viungo vya kutilia gesi, vya R12 na vya R134a, vilitengenezwa kwa maumbo tofauti makusudi, ili mtu asichanganye. Yule wa gereji yetu alikuwa amejichongea adapta ya kuunga chochote kwa chochote. Vyuo vya ufundi vya hapa Pwani vitie somo hili, hata la wiki mbili, na sisi wastaafu tupo, tunashinda barazani tukicheza bao, mtualike tufundishe kwa nauli na chai. Na mwenye gari, ukiambiwa gesi imeisha, usiulize bei. Muulize fundi imetokea wapi, na usimame hapo hapo mpaka akuonyeshe kwa kidole.

Kibandiko cha zamani sikukibandua, nimekifuta mstari tu. Pembeni nimebandika kingine kwa mkono: R134a, gramu 580, oili ya esta, na tarehe. Mkwe wangu ndiye aliyeshika kalamu, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Gari linalala chini ya mwarobaini uleule, kwa kuwa mke wangu hataki kusikia habari ya kulisogeza juani, ila sasa nimefunika tundu la hewa la mbele ya kioo kwa wavu wa mbu.

Fundi mstaafu wa rifa,
Tudor, Mombasa